Benchi la Wazee na Gogo la Theluji

Ukitaka kuniharibia siku, hata leo na mvi zangu hizi, pita nyuma yangu useme "pii" kwa sauti nyembamba. Watu wazima wa hapa Same, wenye familia na heshima zao, bado wananifanyia hivyo sokoni, halafu wanasimama pembeni kuona kama nitaruka, na mimi kwa aibu yote niliyonayo naomba nikiri mapema kwamba mara nyingi naruka. Nimekaa na jambo hili kifuani miaka mingi, nimesikia likisimuliwa na watu ambao hata kanisani hawakuwepo siku ile (mmoja ananiambia mimi mwenyewe, bila kujua ni mimi), kwa hiyo leo nalisimulia kama lilivyokuwa, mnicheke mara moja yaishe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa njia, ambapo mtu unaweza kukosa sukari ya chai lakini mezani una saa ya kutoka ng'ambo inayolia kama kifaranga. Mashamba ya mkonge huko tambarare yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na katika waliopunguzwa kulikuwa na mzee mmoja Muha wa Kigoma, ambaye mji mzima ulimwita Mkonge. Wenzake walirudi kwao na mabati. Yeye alinunua televisheni iliyotumika na mashine ya gemu, akapanga chumba lilipokuwa duka la ushirika, akatundika pazia mlangoni, na sisi vijana tukaacha kazi zetu tukahamia humo.

Mimi nilikuwa fundi seremala, Eliamani, mtu wa karakana yangu mwenyewe na mchumba wangu mwenyewe, Naelijwa, ambaye baba yake alikuwa Mzee Zefania, mzee wa kanisa, mtu wa kutoka Mbaga milimani asiyecheka. Sisemi hakuwa mchangamfu, nasema hacheki. Ilichukua safari nne za wajomba zangu mpaka akubali kunipa binti, na alipokubali alisema neno moja tu: "Nitamwangalia." Mnaelewa sasa nilikuwa natembea juu ya mayai.

Basi, gemu. Kulikuwa na kaseti moja tu iliyokuwa inafanya kazi, ya mtu mwenye kofia nyekundu aliyekaa juu ya kitoroli kisicho na magurudumu, anateleza mlimani kwenye theluji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kugusa theluji (tunaiona tu juu ya Kilimanjaro siku mawingu yakiondoka, na hiyo ni ya jirani), lakini mtelemko tuliujua. Ule wa kwenye gemu ulikuwa kama barabara ya kutoka Mbaga kushuka Kisiwani, kona juu ya kona, ila ule wa gemu hauna breki. Mbele yako linatokea gogo, unaruka. Linatokea tawi limeinama, unainama. Basi, hayo mawili tu, na ndiyo yalitutoa jasho, kwa sababu aliyeyapanga yale magogo alikuwa na roho mbaya sijapata kuona. Anakupa magogo matatu kwa mwendo mmoja, ukishazoea mwendo, la nne analisogeza kidogo, unaruka mapema unatua juu yake. Au anaweka tawi mara tu baada ya gogo, yule aliyeruka kwa furaha anagonga kichwa. Alijua binadamu akifaulu mara tatu anajisahau.

Sasa kulikuwa na tatizo la pili. Televisheni ya Mkonge upande wa kulia ilikuwa nyeusi tii, na huko kulia ndiko vizuizi vinakotokea, kwa hiyo gogo ulikuwa unaliona limeshafika magotini. Kilichotuokoa ni sauti. Kabla ya gogo gemu ililia "pii", kabla ya tawi "pii-pii". Tukajifunza kucheza kwa masikio. Mwezi mmoja baadaye hakuna aliyekuwa anafikiri tena, sikio linasikia, vidole vinabonyeza na mwili wenyewe unaruka au unainama, na robo tatu ya waliokuwa wanafanya hivyo walikuwa waimbaji wa kwaya ya vijana, kwa sababu mazoezi ya kwaya yakiisha njia ya kwenda nyumbani ilipita kwa Mkonge (kama hukai upande huo, unazunguka).

Halafu pedi ikafa. Kile kidude cha kushika mkononi chenye vitufe, kilibonyezwa mpaka kikatoa roho, na Same nzima hakuna cha badala. Mkonge akaja karakana amenyong'onyea.

"Fundi, nifanyie kitu. Sina kazi nyingine mimi."

Nikamwambia aniachie. Na hapo ndipo kichwa changu, ambacho kingenifaa zaidi kama ningekitumia kwa mambo ya maana, kilipopata wazo: kwa nini tubonyeze kwa vidole wakati yule wa kwenye gemu amekaa? Tutengeneze kitoroli chenyewe! Mtu akae, akiegemea kulia anaruka, akiegemea kushoto anainama. Vibati viwili viwili vya debe chini ya kila upande, vikigusana vinafanya kazi ya kitufe. Kilichohitajika ni benchi zito, refu, la mbao ngumu, ambalo linayumba kidogo.

Nikageuka. Nyuma yangu lilikuwepo benchi zito, refu, la mninga, linaloyumba kidogo.

Lilikuwa benchi la wazee wa kanisa, lile la mbele kabisa. Lililetwa kwangu nikaze mguu. Kazi ya nusu saa, ndugu zangu. Ningekaza ule mguu siku ile, leo ningekuwa mtu anayeitwa kwa jina lake. Lakini nikajiambia, naliazima siku tatu tu.

Nikalifunga vibati. Umeme siku zile ulikuwa unakatika unavyotaka, na mimi nilitaka kujua vibati vinagusana bila kungoja televisheni, kwa hiyo nikavunja saa ya mezani, nikatoa kile kinacholia, nikakiweka na betri mbili za redio ndani ya kiboksi cheusi, nikakipigilia chini ya benchi upande wa kulia. Nikaegemea. "Pii!" Sauti ile ile ya kwenye gemu, huwezi kuitofautisha, nadhani huko vilikotengenezwa waliagiza mlio mmoja kwa gunia. Nikaruka mwenyewe karakanani peke yangu, nikacheka, nikajiona nina akili.

Benchi lilikaa kwa Mkonge wiki tatu. Watu walitoka mpaka Hedaru kuja kulikalia. Mzee Zefania aliniuliza mara mbili, nikajibu vanishi inakauka (wiki tatu, kwa jua la Same!), na yeye akanitazama tu.

Wiki hizo hizo matangazo ya ndoa yetu yalikuwa yanasomwa kanisani. Mnajua utaratibu: Jumapili tatu mfululizo majina yanasomwa, na mwenye pingamizi anasimama mbele ya watu anasema. La kwanza likapita salama. La pili likapita. Jumamosi ya kuamkia la tatu, saa saba mchana, Mzee Zefania akasimama mlangoni mwa karakana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kesho ni tangazo la mwisho la binti yangu. Sitaki kulisikia nimekaa kwenye kiti cha plastiki."

"Linafika leo, mzee."

"Na vanishi?"

"Imekauka, mzee. Sasa hivi tu."

Alipoondoka nilikimbia kwa Mkonge, tukang'oa waya, tukang'oa vibati vya kushoto, nikakaza mguu (mnaona ilikuwa kazi ya nusu saa, ingawa upande wa kulia bado ulinesa kidogo), nikafika kwenye kiboksi cheusi. Misumari ilikuwa imezama. Nikiing'oa nitapasua mbao ya kanisa, na muda hakuna. Mkonge akasema, "Liache, betri zimekufa tangu Alhamisi." Nikaegemea kulia kuhakikisha. Kimya. Nikaegemea tena kwa nguvu. Kimya kabisa. Tukapakia kwenye mkokoteni nikalipeleka.

Kanisani kina mama walikuwa wanasugua sakafu, wakasema liache nje mpaka kesho, ibada ikikaribia litaingizwa. Nikaligeuza miguu juu ili vumbi lisikae, nikaenda zangu kunyoa.

Sasa nawauliza ninyi mlioishi miaka ile: betri ya redio ikifa tulikuwa tunafanya nini? Tunatupa? Nani alikuwa na uwezo wa kutupa! Tunaanika juani. Kila nyumba ilikuwa na betri zimepangwa juu ya bati au dirishani, na jioni zinaamka zinaimba taarabu. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo juu ya paa la karakana wakati ule ule. Na mimi ndiye niliyechukua betri mbili zilizokufa, ndani ya kiboksi cheusi, nikaziacha zimetazama jua la Same Jumamosi alasiri yote na Jumapili asubuhi mpaka saa nne. Sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria suruali.

Ibada ikaanza. Mimi nipo kwenye kwaya, mstari wa mbele, suruali imenyooka. Naelijwa yuko upande wa kina mama, kitambaa cheupe kichwani, ananiangalia halafu anajifanya hakuniangalia. Wazee wameingia, wameshika benchi lao, Mzee Zefania amekaa pembeni kabisa kulia, mahali pake siku zote. Wimbo wa kwanza ukaimbwa tumesimama. Ukaisha. Tukakaa.

"Pii!"

Nilikuwa juu kabla sijajua. Na si mimi tu, kwaya yetu ilikuwa na vijana kumi na wanne na tisa walikuwa juu pamoja nami, miguu tumeikunja hewani, halafu tukatua kwa kishindo kimoja. Mchungaji akatutazama juu ya miwani. Tukajifanya tunarekebisha majoho. Nikajiambia ni kitu cha nje, ni mtoto na kidude chake. Akili yangu ilikataa kwenda kule ilikotakiwa kwenda.

Somo likasomwa. Mzee Zefania ana tabia ya kutafuta miwani mfuko wa kushoto, na ili mkono uingie lazima aegemee kulia, na siku hiyo alikosa mara ya kwanza akaegemea tena.

"Pii-pii!"

Tukainama wote kumi mpaka paji la uso likagusa magoti. Na hapa naapa sitii chumvi: waumini wa mbele wakaona kwaya imeinama, wakadhani ni utaratibu mpya kutoka juu, nao wakainama. Wa nyuma yao wakawafuata. Kanisa zima likainama kama mtama umepigwa na upepo, akabaki Mchungaji peke yake amesimama na kitabu, akasita, halafu (maskini ya Mungu) naye akainama.

Sasa nilijua. Nilitazama benchi, nikaona pembe ya kiboksi cheusi, nikakumbuka jua. Ningekuwa na busara ningetoka nje nikajifanya naumwa tumbo, lakini tangazo langu lilikuwa linafuata, na mwanamume anayetoka kanisani kwenye tangazo lake la mwisho atasemwa nini? Nikabaki. Nikashika magoti kwa mikono yote miwili, nikasali sala fupi iliyokuwa na neno betri ndani yake.

Mchungaji akafungua daftari. "Tangazo la tatu na la mwisho la ndoa. Bwana Eliamani, fundi seremala, wa usharika huu, na binti Naelijwa, binti wa Mzee Zefania, wa usharika huu. Mwenye kujua sababu ya kuizuia ndoa hii asimame aiseme sasa, au anyamaze daima."

Kimya. Kimya kizuri. Nilimwona Mzee Zefania, yule asiyecheka, midomo inamtetemeka, maana ni binti yake wa mwisho. Akataka kitambaa afute macho. Kitambaa kiko mfuko wa kushoto.

"Pii!"

Nikasimama. Nilisimama wima, mikono mbele, mbele ya mchumba wangu na baba yake na usharika mzima, nikapinga ndoa yangu mwenyewe. Na nyuma yangu vijana tisa wakasimama kuniunga mkono.

Mchungaji alishusha daftari polepole.

"Ndugu Eliamani. Una pingamizi?"

"Hapana, Mchungaji."

"Mbona umesimama?"

Hapo mtu mwenye akili angesema mguu umeshikwa na ganzi. Mimi ulimi ulikuwa umeachana na kichwa, ukasema ukweli mtupu:

"Nilikuwa naruka gogo, Mchungaji."

"Gogo gani?"

"La kwenye theluji."

Mchungaji akatazama dirishani. Nje jua la saa tano lilikuwa linakaanga mchongoma. "Na hawa wengine?"

Mpiga besi wetu, Ombeni, ambaye hakuulizwa, akajibu: "Gogo hilo hilo, Mchungaji."

Nikamtazama Naelijwa, nikitumaini anacheka. Hakucheka. Wala hakuwa amekasirika, na hiyo ndiyo iliniumiza. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma barua mara ya pili akidhani amekosea kuisoma, na mkono wake ulikuwa umeshika kitambaa cha kichwani kana kwamba nimetaka kukivua. Nataka niwaambie wazi, katika upuuzi wote wa siku ile, uso ule ndio sijausahau.

Mzee Zefania alikuwa ameanza kuinuka kuja kwangu, na alipoinuka aliweka mkono kwenye benchi kulia ajisukume. "Pii!" Tukaruka. Akasimama. Akanitazama, akalitazama benchi. Akalibonyeza kwa kidole. "Pii!" Tukaruka. Akabonyeza mara mbili, "pii-pii," tukainama. Mzee wa watu alitujaribu hivyo kama mara nne, taratibu, bila kubadilika uso, kama fundi anayepima swichi. Halafu akaligeuza benchi miguu juu. Kiboksi kile pale, na kwenye kifuniko chake maandishi yangu ya chaki: KULIA GOGO. Mwandiko wangu anaujua, nilimwandikia barua ya posa.

Akasema neno moja la Kipare ambalo sitaliandika, kwa kuwa lilisemwa kanisani.

Kanisa likalipuka. Kina mama walikaa chini kwa kicheko, Mchungaji alijificha nyuma ya daftari mabega yanacheza. Katika wote walikuwa wawili tu hawakucheka, Mzee Zefania na binti yake. Naelijwa alitoka nje. Nikamfuata, nikamkuta chini ya ukuta ameketi kwenye tofali.

"Naelijwa, ni gemu tu. Ni betri. Nilisahau jua."

"Nimesikia." Akakaza kitambaa cha kichwani. "Wao wanacheka kwa sababu wamejua mwisho wake. Mimi tangu uliposimama mpaka baba alipogeuza benchi, nilikuwa nimeachwa. Nimeachwa mbele ya watu, Eliamani. Ilikuwa muda mfupi, lakini nimeukaa wote."

Nikamwambia nisamehe, si kwa benchi, kwa huo muda. Nilikuwa nalia, ndiyo, na suruali yangu ya tangazo nimepiga nayo magoti kwenye vumbi, na kupitia dirishani kwaya ilikuwa inaimba karibu bila sauti nene, maana wale tisa walioruka nami nao walikuwa wametolewa nje. Akasema atafikiri.

Wazee waliketi jioni ile. Wakaamua tangazo limevurugika, yote matatu yasomwe upya kuanzia la kwanza. Mzee Zefania akatoa hukumu yake ya pembeni: kwao milimani ukikimbia msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima inayoitwa kwa pembe, unatozwa faini ya kazi, basi mimi nitatengeneza mabenchi yote ya kanisa peke yangu, na hakuna hata moja litakaloyumba. Mkonge alikuja kunisaidia kupiga randa bila kuitwa (gemu tulikuwa tumeifungia sandukuni kwanza, watu wapoe). Na kwa Jumapili zile tatu sikuruhusiwa kwaya. Nilikaa benchi la wazee, kando ya baba mkwe, na kila daftari lilipofunguliwa mkono wake mzito ulishuka juu ya paja langu ukakandamiza.

Naelijwa alikuwa bado anafikiri. Alinisalimia, alijibu nilichouliza, basi. Jumapili ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Ya tatu Mchungaji akasoma, mwenye sababu asimame sasa, kanisa likanyamaza, mkono wa mzee ukashuka, na kutoka nyuma kabisa mpuuzi mmoja (mpaka leo namtafuta) akasema kwa sauti nyembamba, "Pii."

Mwili wangu wote ulikwenda juu. Mkono wa mzee ukanirudisha chini kwa kishindo mpaka benchi likaguna, na katika kile kimya nikasikia upande wa kina mama mtu mmoja ameanza kucheka, amejaribu kujizuia, ameshindwa, anacheka mpaka anakohoa. Nikageuka. Ni yeye. Mchungaji akangoja amalize, halafu akasema, kwa kuwa hakuna pingamizi lililosimama, anafunga daftari.

Tumeoana, tuna wajukuu sasa. Na tangu siku ile, yakisomwa matangazo ya mtu yeyote, hata nisiyemjua, nashika benchi kwa mikono yote miwili mpaka daftari lifungwe, na mke wangu kule upande wa kina mama hamwangalii Mchungaji, ananiangalia mimi.